Sifuri ya Bulla Qansah

Jamaa zangu, sogeeni tuzungumze, na atakayeudhika anisamehe. Nitasimulia habari ya nyumba ya Khadijo kwa sababu yaliyotokea pale kila mtu aliyaona. Lakini nyumba yangu haiko mbali na hiyo, na yako, ukijichunguza vizuri, huenda nayo haiko mbali.

Asubuhi ile bulla yetu, yaani kijiji chetu cha Bulla Qansah, ilikuwa imetulia. Ulikuwa msimu wa upepo unaofuata mvua kubwa, mbuzi bado wana maziwa, kila mlango unanukia mikate ya anjera. Hani alikuwa ameketi mkekani nje ya nyumba yao ya mabati, na mwanawe wa kwanza, Hanad, mwenye miezi sita, akimvuta mtandio na kucheka peke yake. Hatua chache kutoka hapo, mama mkwe wake Khadijo alikuwa akimkamua mbuzi mweupe na kumwimbia mjukuu wake kwa sauti ya chini. Abdiwali, mume wa Hani, alikuwa Dadaab kwenye kazi yake ya kuendesha lori la maji, na angerudi Ijumaa. Haikuwa nyumba ya ugomvi. Mkwe na mke wa mwana walipendana kwa dhati, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Ndipo gari jeupe likaingia na vumbi lake, likasimama mbele ya mkeka.

Aliyeshuka alikuwa Kanana, daktari wa meno, mtu wa Meru aliyekuwa amefanya kazi Garissa miaka minne na bado Kisomali chake kilikuwa cha salamu tu. Alisalimia, akapewa chai, akaeleza shida yake.

"Hani, wewe ndiye mhudumu wa afya ya jamii hapa. Akina mama wanakuamini, na Kiswahili unakijua. Tunafanya utafiti. Nataka upite kila nyumba yenye mtoto mdogo, uulize swali moja: je, kuna mtoto aliyewahi kutolewa meno ya mbweha? Kama hakuna, bonyeza hapana. Kama yupo, bonyeza ndiyo, uandike ni wangapi na kama walipona."

"Na mkishajua?" aliuliza Hani.

"Vijiji vyenye shida tutavirudia. Tutaleta kliniki, dawa za kutibu kuharisha, na mafunzo. Hatuandiki jina la aliyewatoa, na hatumshtaki mtu."

Ikiwa kuna mgeni wa bara anayetusikiliza, nimweleze. Huku kwetu mtoto mchanga akiharisha na kushikwa na homa, wakubwa humfungua kinywa. Wakiona ufizi umevimba na kuwa mweupe pale ambapo jino la chonge litaota, husema ni ilko dacawo, meno ya mbweha, na kwamba hayo ndiyo yanayomwua. Basi huitwa fundi, akayachimbua kwa chuma kilichopitishwa motoni. Kinachotoka ni kijino kichanga, laini, ambacho hakijawa jino. Kwa kuwa hakifanani na jino, watu husadiki kwamba ugonjwa wenyewe umetoka, wakauona kwa macho.

Na fundi wa Bulla Qansah alikuwa Khadijo. Chombo chake kilikuwa waya wa gurudumu la baiskeli ulionolewa ncha, nao ulikaa sandukuni ndani ya kitambaa cha kijani. Hakuchukua malipo, hata kikombe cha chai hakukipokea. Aliitwa na mwenye mtoto, akasoma Bismillahi, akafanya kazi aliyofundishwa na mama yake, akarudi nyumbani. Msimfikirie kuwa mchawi. Alikuwa bibi mwema kuliko wengi wetu.

Gari lilipoondoka, Khadijo aliacha kukamua.

"Huyu mwanamke wa meno anatafuta nini kwangu?"

"Hatafuti mtu, Hooyo, mama yangu. Anahesabu tu."

"Serikali ikianza kuhesabu, mwisho huja na pingu. Wewe utaniandika mimi, mama ya mume wako?"

Hani alimwinua Hanad mkekani, akampakata.

"Nimewaokoa watoto wa bulla hii kabla wewe hujazaliwa," Khadijo aliendelea, sauti ikalainika. "Hata Abdiwali nilimtoa. Kama si mkono huu, wewe ungeolewa na nani? Na yule mzee mwenye punda?"

Walicheka wote wawili. Ni kweli Abdiwali alitolewa, na ni kweli alipona. Lakini chonge zake za chini hazikuota tena, na mwanamume mzima, dereva wa lori, akicheka hufunika mdomo kwa kiganja.

Kesho yake Hani alianza mzunguko na simu ya utafiti mkononi. Kila alipofika alikuta Khadijo ameshapita kabla yake na tasbihi yake, amekunywa maji, amewasalimia watu na kuzungumza nao. Kila mama alijibu hapana, macho yakitazama chini. Hani alijua kwamba wanasema uongo, kwa kuwa baadhi ya watoto hao alikuwa amewashika miguu yeye mwenyewe walipokuwa wakitolewa, zamani alipokuwa bibi arusi mgeni. Alibonyeza hapana. Alijiambia kwamba yeye ni mwandishi tu, hawezi kuwalazimisha watu kusema.

Nyumba ya mwisho, karibu na tangi la maji, ilikuwa ya Bishara. Huyo hakutazama chini.

"Andika ndiyo," alisema. "Ugbad wangu alitolewa siku ya Ijumaa, na Jumatatu tukamzika. Mama mkwe wako alikuja kwa nia njema, tena nilimwita mimi mwenyewe. Simdai kitu. Lakini huyo daktari akihesabu, Ugbad awemo."

Kidole cha Hani kilisimama juu ya kioo. Alimwona Khadijo amefungwa pingu, akaona Abdiwali anamwuliza ni nani aliyemwuza mama yake. Akabonyeza.

Bishara hakujua kusoma, lakini kutazama alijua. "Mbona umebonyeza upande uleule uliobonyeza kwa shemeji yangu, nikiwa pale?"

"Ni mashine tu, abaayo, dada yangu. Inajipanga yenyewe."

Bishara aliingia ndani na kuliteremsha pazia. Nyumba arobaini na nane, majibu arobaini na nane, na hakuna ndiyo hata moja. Jioni Khadijo alimpikia Hani nyama ya mbuzi.

Miezi minne ikapita. Mvua za mwisho wa mwaka zikaja kwa nguvu, bwawa likajaa maji mekundu yaliyosomba kila uchafu wa malishoni, na watoto wakaanza kuharisha, nyumba hii na ile. Hanad alianza Jumatatu. Kufikia Jumanne ufizi wake wa chini ulikuwa umevimba, mweupe pande zote mbili, kama ilivyo kawaida kwa mtoto wa miezi kumi.

Jumanne hiyohiyo Hani alipigiwa simu. Matokeo ya utafiti yangesomwa Garissa Jumatano asubuhi, wahudumu wote wangepewa cheti, na mmoja wao angechaguliwa kuwa msimamizi. Hani alikuwa amesoma hadi kidato cha nne na kuishia mkekani. Aliitaka nafasi ile kwa roho yake yote. Tena aliogopa kwamba asipoonekana, mtu atajiuliza kwa nini na kuanza kuchunguza majibu yake.

Kwenye begi lake la kazi zilibaki pakiti mbili za ORS, ile chumvi ya kuongeza maji mwilini. Alikoroga moja kwa maji yaliyochemshwa, akamwonyesha Khadijo.

"Hooyo, mpe kijiko kimoja kimoja. Akitapika, ngoja kidogo, umpe tena. Na pia..."

"Na pia nini?"

"Meno yake. Usiyaguse, nakuomba."

Khadijo hakukasirika. Alimwangalia kama mtu anayemwelewesha mtoto. "Kwa nini nisiyaguse? Si wewe mwenyewe uliandika kwamba hapa hakuna shida? Daktari wako amesoma, amekubali, hakurudi. Kama kazi yangu ingekuwa inaua, ungeniandika. Nenda, binti yangu. Huyu ni damu yangu, nitamwua?"

Hani alitafuta jibu. Alilijua, ila lilikuwa ndani ya simu, na alikuwa amelifuta kwa kidole chake mwenyewe. Alimbusu Hanad utosini, akapanda gari la mizigo lililokuwa likienda mjini.

Kila nikifika hapa moyo hunipasuka. Nataka kumshika mkono, nimrudishe mkekani. Lakini aliondoka, na akalala kwa shangazi yake.

Jumatano saa tatu ukumbi ulikuwa umejaa. Kanana alisimama mbele ya ukuta ulioangaziwa orodha ya vijiji, akavisoma kimoja kimoja na idadi ya watoto. Kingine kumi na tisa, kingine thelathini na wawili. Watu walikuwa wakitikisa vichwa. Kisha akafika chini kabisa, akatabasamu.

"Bulla Qansah: sifuri. Ndicho kijiji pekee. Tumpigie Hani makofi. Na tafadhali atuambie, mmefanyaje?"

Hani alisimama. "Tuliwaelimisha akina mama," alisema.

Makofi yalikuwa bado yanalia simu yake ilipotetemeka. Alitoka nje akaipokea. Alikuwa Bishara, na alizungumza polepole kama anayeogopa maneno yake.

"Hani, njoo. Mtoto wako ametolewa jana baada ya Alasiri. Damu haijakata mpaka sasa. Hanyonyi, hamezi, na tangu alfajiri halii."

"Mbona hamkunipigia jana?"

"Mama mkwe wako alisema itakauka. Leo hata yeye anaogopa. Tumempeleka zahanati. Njoo tu."

Kanana alimkuta ameegemea ukuta, akaambiwa mtoto ni mgonjwa. Hakuuliza zaidi. Gari la utafiti lilikuwa limeshapakiwa maboksi ya dawa ya vijiji vya upande uleule, basi akaingia mbele na dereva, Hani nyuma, wakaondoka. Njia ilikuwa tope tupu. Walipouacha mji nyuma yao na kupata mwendo, Kanana alimpigia Munyao, muuguzi wa zahanati, akaweka simu wazi ili mama asikie.

"Ameishiwa maji kabisa," ilisema sauti ya Munyao. "Natafuta mshipa wa dripu sipati. Kwa mdomo hawezi, kidonda kinavuja. Na hata kama angeweza, ORS iliisha wiki mbili zilizopita."

"Iliishaje? Si kuna mgao maalum wa msimu huu?"

"Niliomba, daktari. Nikajibiwa mgao unafuata orodha ya utafiti wenu, na Qansah haimo."

"Kidonda cha wapi?" Kanana aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mdomoni. Ufizi wa chini, pande zote mbili. Wamemchimba meno."

Kanana alikata simu. Kisha aligeuka nyuma.

"Hani. Ilikuwa sifuri."

"Haikuwa sifuri," alisema Hani. "Ni mama mkwe wangu anayetoa. Nyumba nyingi zilificha, nami nilijua. Moja haikuficha, mama aliniambia ndiyo, nikabonyeza hapana. Niliogopa watamfunga. Niliogopa mume wangu."

Maboksi nyuma yaligongana, na kila boksi lilikuwa na jina la kijiji kingine.

"Nitakasirika kesho," alisema Kanana mwishowe. "Leo tumfikie mtoto."

Walifika adhuhuri imepita. Khadijo alikuwa ameketi sakafuni, kanga yake imelowa damu kifuani, Hanad mapajani mwake. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama na utosi umebonyea. Alipoiona sura ya mama yake hakunyosha mikono.

"Daktari," Khadijo alikuwa akimwambia Munyao kwa Kiswahili chake, "wewe tia tena sindano. Tia bole bole. Hii mtoto iko na nguvu, iko kama baba yake."

"Mama, nimejaribu mikono, nimejaribu kichwa. Mishipa imelala."

Kanana alipiga magoti, akakandamiza ufizi kwa pamba safi mpaka damu ikapungua. Munyao akapata mshipa mguuni, mara ya saba. Dripu ikaanza kushuka, na wote mle ndani wakavuta pumzi. Lakini Munyao alisema waziwazi kwamba hapo haitoshi, mtoto anahitaji damu, na damu iko Garissa. Wakarudi garini mbiombio. Hani alimpakata mwanawe, na kwa kuwa hapakuwa na ndoano, Khadijo aliishika chupa ya dripu juu kwa mkono wake, ule mkono wa kazi.

Njia nzima aliomba dua. Gari liliruka mashimo, akajigonga kichwa mara mbili, mkono haukushuka. Alimweleza Hani, bila kuulizwa, jinsi ilivyokuwa. Mtoto alitapika vijiko vitatu vya kwanza. Akaona mweupe ufizini. Akakumbuka watoto wote waliopona mikononi mwake. "Wote walikuja mbele ya macho yangu," alisema. "Wale wengine hakuna aliyekuja."

Baada ya saa moja hivi Hani alihisi mwili alioupakata umekuwa mzito kwa namna nyingine. Aliweka sikio juu ya kifua kidogo. Aliweka tena. Kanana aligeuka, akampima shingoni kwa vidole viwili, kisha akamgusa dereva begani ili asimamishe gari.

Walikaa kando ya barabara, vichaka pande zote, ngamia wa watu wakipita. Khadijo alikuwa bado ameinua chupa, maji yakishuka tone kwa tone, akitazama juu kama mtu anayesubiri ijae.

"Hooyo," alisema Hani. "Teremsha mkono."

Hanad alizikwa kabla ya Magharibi. Abdiwali alifika kutoka Dadaab na lori likiwa bado limejaa maji, maana alipopata habari hakungoja kuyamwaga. Alishika jembe mwenyewe. Baada ya mazishi alimwendea mama yake, akaketi mbele yake chini, karibu, magoti yakigusana. Hani alijikaza akingoja matusi. Hayakuja. Abdiwali alifungua mdomo wake, akauonyesha, bila kiganja.

"Mimi ulinitoa nikapona," alisema. "Hooyo, ni wangapi hawakupona?"

Khadijo alishika tasbihi yake. Miaka thelathini alikuwa ameulizwa wangapi aliwaokoa. Swali hili halikuwa limewahi kumfikia, na Hani, aliyekuwa amepewa swali hilo likiwa limeandikwa tayari katika simu, ndiye aliyelizuia lisimfikie.

Siku ya nane Kanana alirudi. Alitoa pole kwanza, akanywa chai. Kisha akamweleza Hani kwamba jina lake limeondolewa kazini, na ripoti yote imesimamishwa hadi Bulla Qansah ihesabiwe upya. Hani aliitikia.

"Sina mkalimani," Kanana aliongeza. "Nimetafuta, sijapata. Wewe ndiwe unayejua lugha zote mbili. Nikikuomba unitafsirie, utatafsiri kila neno?"

Kabla hajajibu, Khadijo alitoka ndani. Alikuwa amekonda kwa siku nane kuliko kwa miaka kumi. Mkononi alikuwa na kile kitambaa cha kijani. Alikiweka mkekani mbele ya daktari, akakikunjua, waya ukaonekana.

"Mwambie asianzie kwa jirani," alisema kwa Kisomali. "Aanzie kwangu."

Hani akatafsiri. Kanana akaishika simu. "Je, kuna mtoto aliyewahi kutolewa meno?"

"Ndiyo," alisema Khadijo, na neno hilo halikuhitaji kutafsiriwa, alilisema kwa Kiswahili.

Akaanza kutaja. Hakutaja idadi, alitaja majina, nyumba kwa nyumba, akihesabu kwa tasbihi yake, na kwa kila jina Kanana aliuliza kama alipona. Huyu alipona. Huyu alipona lakini shavu liliharibika. Huyu hakupona, "na nilisema wamechelewa kuniita." Huyu hakupona. Huyu hakupona. Wanawake walikuwa wamekusanyika bila kuitwa, wakasimama nyuma ya mkeka. Lilipotajwa jina la Ugbad, Bishara alijifunika uso kwa mtandio, akaketi chini. Hani aliona aibu ya kumtazama. Alitafsiri tu, neno kwa neno, bila kuongeza na bila kupunguza, na sauti yake haikukatika.

Punje za tasbihi zilizunguka mara ya pili, zikakaribia mwisho. Khadijo alisimama kwenye punje moja akaikandamiza kwa kidole gumba.

"Na Hanad," alisema. "Mwana wa Abdiwali."

Kanana aliandika. Alisita. Lakini swali lilikuwa pale kwenye kioo, na kwa ajili ya wote waliotajwa lilipaswa kuulizwa kwa kila mmoja.

"Alipona?"

Khadijo alimtazama mke wa mwanawe. Hani hakungoja apewe cha kutafsiri.

"Hapana," alisema.

Lilikuwa neno lilelile alilolibonyeza mara arobaini na nane. Safari hii lilikuwa kweli.

FUNZO

Ndugu zangu, mtoto anayeharisha hauawi na meno. Anauawa na maji yanayomtoka mwilini. Ule weupe wa ufizini ni jino lake la haki linalojiandaa kuota, kila mtoto analo, mgonjwa na mzima. Ukilichimbua umemwongezea kidonda, damu na vijidudu mtoto ambaye tayari anapigania uhai. Mpe maji ya ORS kidogo kidogo, usiache kumnyonyesha, mfikishe zahanati mapema. Hilo ni la kwanza, na wengi wetu tumeshaambiwa.

La pili hatuambiwi mara nyingi. Mtu akija kutuhesabu, tunamficha. Tunaona ni kulinda jina la mama, la ukoo, la bulla. Tunasema hapana, tunampa chai, anaondoka ameridhika, nasi tunajisifu kwamba tumemshinda. Kumbe kwa hapana ile tumeandika kwamba hatuna wagonjwa, basi dawa ikapelekwa kwa waliosema kweli. Na mzee wetu mwenye nia njema ataendelea na kazi yake akiwa na moyo mweupe, kwa kuwa hakuna aliyempenda kiasi cha kumwonyesha hesabu nzima. Khadijo alikumbuka waliopona tu. Sisi sote tuliowazika wengine tulikuwa tumenyamaza.

Hani alidhani anamwokoa mama mkwe wake na pingu. Leo Khadijo yuko huru, hakuna aliyemfunga, na kila asubuhi anamkamua yule mbuzi mweupe bila kuimba. Atakapokuja tena mtu na swali lake mlangoni kwako, usimjibu kwa kumwogopa jirani wala mkwe. Mjibu kwa ajili ya mtoto aliye mgongoni mwako.